Diski Iliyo Ndani ya Soksi ya Kijani

Nekesa, mama,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto na jambo moja ambalo nitalifikia nikimaliza kuzungukazunguka. Wewe najua u mzima kwa sababu asubuhi nimekuona ukinywa vikombe vitatu vya chai, ukaniachia majani.

Sasa ni saa kumi na nusu jioni. Umeenda Kamukuywa kumuaga shangazi yako, na kama namjua dada yangu, hatakuachilia mpaka akufungie ndizi, kuku na mawaidha. Ndiyo maana mawaidha mimi sikuandikii. Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji, na kujihadhari na wanaume wenye viatu vilivyochongoka, hayo yote utarudi nayo kwa kikapu. Mimi nimekaa hapa dukani kwetu, kati ya ile kamera na mkasi wa picha za pasipoti, nikitazama mabegi yako mawili yaliyosimama mlangoni kama wageni waliokataa kuketi.

Najua unakohamia ni Bungoma tu. Si Ulaya. Mtu akitoka Kitale asubuhi anakunywa chai ya saa nne Bungoma, na akitaka kurudi kulala kwao anarudi. Hayo nimejiambia wiki nzima. Lakini jana nilipima kwa miguu kutoka kitanda changu hadi mlango wa chumba chako. Hatua kumi na moja. Hiyo ndiyo safari niliyoizoea. Kwa goti hili, chochote kinachozidi hatua kumi na moja ni ng'ambo.

Juzi ulisema kazi yako ya kwanza huko shuleni ni kompyuta thelathini, zote zitiwe Linux, ule mfumo wa bure. Thelathini! Na kila moja itakuuliza lile swali lake: diski hii igawanywe vipi, nani apewe ngapi? Uliposema hivyo mkono wangu ulisimama hewani na tonge. Ukauliza, "Baba, ni mfupa?" Nikasema ni mfupa. Tulikuwa tunakula mboga ya mrenda, Nekesa. Mrenda hauna mfupa. Hapo ungenishika, lakini wewe huwa unaniamini tu, na hiyo ndiyo taabu yenyewe.

Wacha nianzie Myanga, kijijini nilikozaliwa.

Marehemu babu yako aligawa shamba lake kwa miguu yake mwenyewe, akihesabu hatua kwa sauti ili majirani wasikie. Akipimia kaka yangu mkubwa, hatua zilikuwa ndefu kama za mtu anayeruka mtaro. Alipofika kwangu akaanza kutembea kama bibi harusi. Nikapata kipande cha mawe ambacho hata magugu yalikuwa yanaota kwa kuomba radhi. Nikapanda baiskeli nikaja Kitale, na njiani nikaapa: mimi, siku nitakapopewa kitu cha kugawa, nitagawa sawa kwa sawa, hata kikiwa mkate.

Miaka ikapita, cha kugawa sikupata. Mtoto nilipata mmoja, ni wewe. Shamba sikununua. Kisha ukarudi kutoka chuo, ukakuta kompyuta yetu imejaa virusi kama mbwa wa sokoni na viroboto wake, kwa sababu mfumo uliokuwa ndani ulikuwa wa kununua na sisi hatukuwa tumeununua. Ukaleta diski mpya. Ukanikalisha hapa hapa, ukanifundisha kama mtu anayefundisha mbuzi kupanda ngazi.

Ukasema diski hukatwa vipande. Kuna kipande kidogo cha kuwashia, ambacho ni kama mlinzi wa geti. Kuna kipande cha mfumo wenyewe. Kuna cha kupumulia, mahali kompyuta hutua mzigo kichwa chake kikijaa. Na kuna kipande cha faili zetu: picha, barua, kila kitu. Kisha ukafanya kosa ambalo hata mwalimu wangu wa darasa la sita hakulifanya. Ukasema, "Baba, gawa wewe. Naenda kununua maziwa."

Diski ilikuwa ya giga mia tano, na vipande vilikuwa vinne. Unajua nilivyofanya. Mia moja ishirini na tano, kila mtu, bila upendeleo. Nilijisikia kama nimemshinda babu yako kaburini.

Uliporudi ulishika kichwa. "Baba! Umempa mlinzi wa geti ekari sawa na mwenye boma?"

"Kwani mlinzi hana watoto?"

"Mlinzi anatosheka na nusu giga, bana!"

"Hivyo ndivyo babu yako alivyosema juu yangu."

Ulicheka mpaka maziwa yakamwagika. Mama yako, Mungu amweke pema, wakati huo alikuwa bado anaweza kuketi nje kwa jua. Akauliza kupitia dirishani, "Amefanya nini tena huyo?" Ukamweleza. Akasema, "Mwache. Huyo hata supu ataipima kwa rula."

Mfumo ulikuwa umeshaingia, na wateja walikuwa wamesimama mlangoni, kwa hivyo ukaacha ulivyo. Ukanionya tu: "Siku kipande cha faili kikijaa, niite. Usishike wewe." Nakumbuka maneno hayo vizuri sana. Usishike wewe.

Baadaye mama yako hakuweza tena kuketi nje. Ile miezi ulikuwa unakaa kando ya kitanda chake na simu yake mkononi, unamrekodi. Alikueleza majina ya nyanya zake mpaka yule aliyekuja kutoka upande wa mlima. Alikueleza munyu wa mrenda, ile chumvi ya majivu, unachujwaje, na nani alimdanganya nani siku ya mahari. Mimi nilikuwa najifanya natafuta kitu chini ya kitanda ili nisikie. Alipoondoka ukahamisha zile sauti zote kwa kompyuta, kwenye folda uliyoiita Mama. Simu tukaifuta, tukampa binamu yako. Basi mama yako akawa anakaa ndani ya kile kipande cha faili, pamoja na harusi za watu na barua za kuomba kazi.

Kuna moja ambayo wewe hukuijali, kwa sababu hakuna la maana ndani yake. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, nikaingia na kuku ndani ya koti. Simu ilikuwa inarekodi.

"Mzee, hiyo kuku ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Yetu tangu lini?"

"Tangu iingie kwa koti."

Halafu akacheka. Kile kicheko chake cha kukohoa kidogo kwanza. Wewe ukilala, mimi nilikuwa navaa zile spika za masikio na kusikiza hiyo moja. Hukujua. Ulidhani mzee analala mapema kwa sababu ya goti.

Sasa nimefika.

Ile wiki ulipoenda Bungoma mara ya kwanza kufanya mtihani wa hiyo kazi, ambayo jibu lake limekawia hivi, niliachwa na picha za harusi moja ya Moi's Bridge. Nikataka kuzitia kwa kompyuta. Ikasema imejaa, nafasi hakuna. Ungekuwa karibu ningekuita. Hata simu nilishika. Lakini nikawaza utacheka, utasema si nilikwambia, na mama yako hayuko dirishani kunitetea kwa matusi. Nikajiambia, kwani mimi ni mjinga? Nikatafuta ile flashi yako ya kuweka mfumo, nikafungua ukurasa wa kugawa. Nikaona kile kipande cha kupumulia, giga mia moja ishirini na tano, kimelala kitupu kando ya kipande cha faili. Shamba zima, hata mbuzi hakuna. Na jirani yake amebanwa mpaka shingoni.

Nikawaza kama mtu wa Myanga. Mashamba mawili yamepakana. Ukitaka liwe moja unafanya nini? Unang'oa ua ulio katikati. Je, ukiondoa ua, mahindi yanang'oka? Hayang'oki. Yanasimama pale pale, sasa yana nafasi.

Nikafuta vipande vyote viwili. Nikatengeneza kimoja kikubwa. Kompyuta ikaniuliza swali kwa Kiingereza kirefu, na mimi Kiingereza kirefu huwa nakijibu ndiyo. Ikauliza tena. Nikasema ndiyo tena, na nikakasirika kidogo kwamba inanidharau.

Ilipowaka, kile kipande kilikuwa safi kama uwanja uliofagiwa asubuhi ya harusi. Folda ya Mama haikuwepo. Hakukuwa na kitu.

Sikulia. Nilidhani inafikiria, ati itakumbuka polepole. Nikaipa siku tatu, nikaitia na zile picha za harusi. Na katika hizo siku tatu, Nekesa, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na sikuweza kuvumilia, nilitia rumba. Nyimbo arobaini, kutoka kwa flashi ya yule kinyozi jirani. Nikacheza kwa sauti kubwa. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Siku uliyokuwa unarudi, radi ilipiga mtaani ikaua televisheni ya jirani. Niliposikia mayowe ya jirani, badala ya kumsikitikia nilifurahi. Nikatoa diski yetu, nikaificha. Kwenye boksi la vipuri nikachukua diski mfu, ile uliyoiondoa kwa kompyuta ya mteja, nikaifunga mahali pake. Uliingia umelowa, unacheka kwamba mtihani umeenda vizuri. Nikakwambia, "Radi imepiga. Ya jirani na yetu."

Ulikaa na ile diski mfu jioni mbili. Ulibadilisha waya, uliazima kifaa, uliiweka sikioni kama daktari anayetafuta moyo wa mtoto. Mimi nilikuwa nakuletea chai. Nilikuletea chai, Nekesa! Mwishowe ukasema, "Basi," ukaingia jikoni. Mimi nikasimama nje na kuku, nikisikia sufuria ikioshwa muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji.

Tangu siku hiyo, wingu likisimama tu upande wa Mlima Elgon, unaacha kila kitu na kukimbia kuchomoa waya. Umeacha wateja na picha nusu. Umeacha ugali ukaungua. Mara moja ulitoka bafuni na sabuni kichwani. Majirani wanakucheka, na mimi nilicheka nao ili nisionekane sicheki. Uongo wangu ndio unaokukimbiza kwenye mvua. Mtu akiniuliza ni jambo gani katika maisha yangu ningelirudisha nyuma, sitasema shamba. Nitasema hilo la sabuni.

Kisha akaja yule mwalimu wa Moi's Bridge na flashi aliyoifuta kwa bahati mbaya, alama za wanafunzi wote ndani. Alikuwa anatoka jasho. Mimi nilikuwa pale nyuma nakata picha za pasipoti.

Ukamuuliza, "Umeandika kitu kingine juu yake?"

"Hapana, madam. Nimeogopa hata kuigusa."

"Basi havijapotea, mwalimu. Ukifuta, mashine inasahau njia tu. Vitu viko pale pale mpaka kitu kingine kikalie mahali pake."

Mkasi ulimkata mteja wangu sikio kwenye picha. Ulinigombeza, nikasema ni macho.

Kwa hivyo mahindi yalikuwa yamesimama! Ua uliondoka, njia ikapotea, lakini mahindi yalikuwa yamesimama wakati wote, na mimi juu yake nikapanda rumba. Sijui wimbo gani umekalia sauti gani. Pengine arobaini zote ziko kwenye kona moja, na mama yako yuko kwingine anangoja. Pengine mpiga gitaa ameketi juu ya jina la nyanya yake wa tatu. Pengine amekalia kuku.

Utauliza kwa nini sikusema siku hiyo. Ni zaidi ya mwaka sasa, na kila siku nimekuwa na sababu mpya. Sababu za kweli ni mbili. Ya kwanza, niliogopa ukijua utakasirika uondoke. Sasa unaondoka hata hivyo, tena bila hasira, na nimegundua kwamba hiyo inauma vilevile. Ya pili, niliogopa utamtafuta mama yako mle ndani usimpate. Diski ikiwa ndani ya mkebe wa misumari juu ya kabati, hakuna aliyesema mama yako amekwisha. Nilikuwa napita chini ya kabati naangalia mkebe. Nilikuwa nausalimia, kusema kweli. Lakini sauti yenyewe imeanza kuniponyoka. Maneno ya kuku ninayo yote, ungeniamsha ningeyasema. Kile kikohozi kabla ya kicheko sikipati tena. Najaribu kukifanya mwenyewe na inatoka kama mbuzi.

Sasa sikiza vizuri, huu si utani. Diski haikupigwa na radi. Haijaungua. Nilipokusikia ukimwambia mwalimu vile sikuiwasha tena hata dakika moja. Kilichofutwa ni vipande viwili vya mwisho, cha kupumulia na cha faili, kikawekwa kimoja. Juu yake kuna rumba arobaini na harusi moja. Hayo ndiyo yote, nimekumbuka mpaka kichwa kikauma. Nimeifunga kwa soksi yangu ya kijani, ile isiyo na mwenzake, nikaitia ndani ya ile sufuria kubwa uliyopakia kwenye begi na kufunika, na barua hii nitaiweka juu yake. Najua hutaifungua kabla hujafika, kwa sababu wewe hujawahi kufungua sufuria kabla ya njaa.

Na zile kompyuta thelathini, gawa unavyojua wewe. Mlinzi umpe kidogo, hatanuna. Mimi ndiye niliyenuna kwa niaba yake miaka arobaini. Nilidhani sawa kwa sawa ndiyo haki, kumbe nilikuwa namjibu babu yako tu, na babu yako hakuwa kwenye hicho chumba. Tena acha kipande ambacho hujampa mtu. Wewe ndiye uliyenifundisha, ukasema kuusogeza mpaka wa vipande baadaye ni balaa, lakini kipande kisicho na mwenyewe hakina matata. Siku hiyo nilikuona mbadhirifu. Mahali ambapo hapajapewa mtu palinitia wasiwasi, nikaona kama kuna mtu amedhulumiwa.

Shangazi yako atakuwa amekwambia kwamba anataka nipangishe chumba chako, ati kuna kijana wa sokoni anatafuta mahali. Ameshaniambia mara tatu. Nimemwambia chumba kina panya. Sitakigawa. Wala sitakifanya stoo. Kitakaa vile vile kitupu, hatua kumi na moja, na mimi nitakuwa naenda mpaka mlangoni na kurudi, kwa ajili ya goti.

Wingu limesimama upande wa Elgon. Limekuwa jeusi haraka. Natumai dada yangu amekuachilia.

Umefika. Nimesikia geti likigonga, na kabla hata hujasalimu umepita mbio nyuma yangu na kuku wa shangazi chini ya kwapa, umechomoa waya ya kompyuta. Sasa umesimama hapo unatoa maji usoni unaniuliza, "Baba, unaandika nini kwa giza?" Nimekwambia orodha ya vitu vya duka. Umesema, "Andika na mafuta ya taa," ukaingia jikoni. Huo uongo wa orodha uwe wa mwisho, Nekesa. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo na mdomo umekataa, ukaomba kalamu.

Kuku wa shangazi analia jikoni. Nitaingia nikuulize ni ya nani, nione utajibu nini.

Ukimpata mama yako kwenye hiyo diski, hata kidogo, hata kikohozi peke yake, usinitumie kwa simu. Njoo naye. Tutakaa hapa, uchomeke waya hata kama kuna wingu.

Na ukikuta ni rumba tupu, njoo hata hivyo.

Mimi baba yako,
niliyefuta